Mwarobaini wa Hatua Ishirini

Nilimwona kwa macho yangu mawili akifukia kitu. Ilikuwa asubuhi, jua limekwisha kupanda, nami nimesimama nyuma ya pazia la jikoni na mwiko mkononi. Alikuwa amechutama kule mwisho wa uwanja wangu, upande wa nyuma. Akafukua udongo kwa vidole, akapangusa kitu kilichokuwa chini, akakitazama weee, kisha akakifunika na kukishindilia kwa kisigino. Halafu akaja mpaka pembe ya nyumba yangu, akaupa ukuta mgongo, akaanza kutembea moja kwa moja kuelekea kulekule alikofukia, midomo ikimchezacheza. Alikuwa akihesabu hatua.

Mtu akipima uwanja wako kwa miguu ni mawili: ama ametumwa na serikali, ama ni mchawi. Yule hakuwa na karatasi yoyote ya serikali mkononi.

Nilimwendea mume wangu Ruwa, ambaye wakati huo alikuwa mgonjwa wa kulala, nikamwambia yule jirani mpya anapima nyumba yetu. Ruwa hakufungua hata macho. "Mwache mwanamume apime," akasema. Nikajua ugonjwa umefika kichwani.

Jirani mwenyewe ni Lenox, mtu wa bara, Kakamega huko. Miaka thelathini alikuwa fundi wa mabomba bandarini, akastaafu, akanunua ploti ya nyuma yangu hapa Mikindani. Hata wiki haikwisha akawa amesimamisha nguzo na kuvuta seng'enge. Kila asubuhi nilitoka kuitazama ile seng'enge. Mpaka wetu hasa ulipita wapi sikujua, maana ploti aliinunua Ruwa nami niko kwetu Kaloleni nimejifungua Eddah, na bikoni za mpimaji, zile alama za mpaka, zilikuwa zimemezwa na udongo zamani. Lakini moyoni nilijua nimemegwa. Moyo ukishajua, macho hayana kazi.

Ruwa alifariki mwezi wa nane. Tulimzika Kaloleni, na tuliporudi Mikindani watu walikuja kunipa pole mikono mitupu au na sukari. Lenox alikuja na mche wa mwarobaini ndani ya kopo la mafuta ya kupikia. Akasema kwa Kiswahili chake cha bara, "Mama Eddah, hii ni ya kukumbuka mzee." Nikamjibu ahsante, kwa sababu nyumba ilikuwa imejaa watu. Kabla sijamaliza kuaga wageni alikuwa amekwisha kuupanda, mwenyewe, kwa jembe lake. Aliupanda kulekule mwisho, mbele tu ya seng'enge yake.

Hapo ndipo damu iliponichemka, na sharti nieleze kwa nini. Babu yangu mzaa baba alikuwa na minazi kumi na mmoja kwenye shamba la mzee mmoja akiitwa Mwidani. Ardhi ya Mwidani, minazi ya babu. Kwetu pwani hilo si ajabu: mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe, na aliyepanda ndiye mwenye mti. Wazee hao walikunywa tembo pamoja mpaka wakafa. Watoto wa Mwidani walipotaka kuuza shamba, wakagundua hawawezi, maana minazi yetu imesimama pale na sisi tumesimama nyuma ya minazi. Kesi ilikaa kwa chifu miaka tisa. Tulishinda. Nimekua nikisikia tulivyoshinda, kwa hiyo najua vizuri sana kwamba mtu anayetaka ardhi yako hakuletei panga, anakuletea mche.

Jumapili iliyofuata, Lenox alipokwenda kanisani, niliung'oa. Sikuutupa, mwarobaini ni dawa na mimi si mpumbavu. Niliuhamishia upande wangu hasa, chini ya dirisha la chumba cha pembeni, hatua mbili na nusu kutoka ukutani. Nikiuamkia pale kila siku, nani atasema ni wake? Chumba hicho ndicho cha mwisho alichojenga Ruwa. Alipanga matofali mwenyewe jioni baada ya kazi, mwaka mzima, akisema ni cha Eddah na watoto atakaozaa.

Lenox alirudi na suti yake ya kanisani, akasimama kwenye seng'enge.

"Mama Eddah, naona mti ilihama."

"Miti haihami, bwana Lenox. Nimeuhamisha."

Akakuna kichwa. "Hapo si pazuri. Hiyo mti iko na kiu sana. Na hii udongo ya huku ni ya mfinyanzi. Mvua ikinyesha inafura, jua likiwaka inajikunyata. Mti ikikunywa maji chini ya msingi, nyumba inabaki kwa hewa." Akaonyesha kwa viganja, kimoja kikishuka na kingine kikibaki juu. "Mti mkubwa pima hivi: siku ikianguka yote, kichwa chake kisiguse ukuta. Mwarobaini ni hatua ishirini. Ukitaka ya karibu, panda papai, panda komamanga."

"Na wewe," nikamwuliza, "una kiu ya nini?"

Akautazama ule mche. Kisha akasema polepole, "Mimi nilipoteza nyumba. Ile ya Magongo."

Nikaingia ndani nikafunga mlango. Niliyasikia maneno hayo vizuri, nikayaelewa ninavyojua mimi: amepoteza yake, sasa anataka yangu.

Alikuja mara ya pili mwaka uliofuata, mti umefika kwenye nondo za dirisha. Akaomba angalau nimruhusu auhamishe kabla haujakomaa. Nikamwambia ana mikono mingi mno kwa mtu aliyestaafu. Mara ya tatu nilikuwa naosha vyombo, na yale maji ya vyombo, kwa bahati, yakamwendea miguuni. Hakuja tena. Tukawa watu wa hujambo sijambo, yeye na upande wake, mimi na wangu. Kila nikianika nguo kule mwisho karibu na seng'enge nilikanyaga pale mahali alipofukia kitu chake, nikatema mate pembeni. Sikuthubutu kufukua. Mambo hayo hayachezewi na mjane.

Mwarobaini ulikua hata majirani wakausifu. Mwanatabu, wa ploti ya kulia, alikuwa akija kuomba majani kila mtoto akipata homa. "Wallahi, Nyevu, Mungu amekupa duka la dawa dirishani," alisema. Nami nilijibu kwa sauti, ili seng'enge isikie, kwamba wako waliotaka kunidhulumu.

Ufa ulianza Januari mwaka huu. Ulitokea kwenye kona ya dirisha la chumba cha pembeni, mwembamba, nikadhani ni utando wa buibui. Nilipoupitisha ufagio haukutoka. Mwezi wa pili ulikuwa umepanda ukuta kwa ngazi, tofali hadi tofali, ukafika chini ya paa. Mlango wa chumba ukagoma kufunga. Nikamwita fundi akapiga plasta, akala chakula changu, akaondoka. Siku kumi na mbili baadaye ufa ukaipasua plasta yake, sasa kidole kinaingia. Kila aliyeuona alinipigia methali ile ile ya kuziba ufa na kujenga ukuta, mpaka nikatamani kuwapiga kwa mwiko. Nimeziba, jamani! Nimeziba na umerudi!

Na si kwamba ningeweza kukifunga chumba nikakisahau. Eddah alikuwa na mimba ya miezi minane. Alikuwa amenipigia simu kutoka Voi, kwa mumewe, akasema, "Mama, arobaini nataka kukaa kwako. Kwenye chumba cha baba." Nikamwambia njoo, mwanangu, chumba kinakungoja. Baada ya kukata simu nililala kitandani mle, nikautazama ule ufa, na usiku ukuta ukatoa sauti ndogo ya kukatika. Nilihisi hofu ambayo sijaihisi tangu siku ya kumzika Ruwa. Kitoto cha siku tatu kilazwe chini ya ukuta huo?

Hapo nikayaunganisha yote. Hatua alizohesabu zilianzia wapi? Pembe ya chumba hicho. Ziliishia wapi? Palipofukiwa. Fingo la uchawi lilitegwa tangu siku ile, likasubiri miaka saba mpaka mjukuu wangu awe njiani. Kikulacho ki nguoni mwako, na cha kwangu kilikuwa nyuma ya seng'enge kimevaa suti ya kanisani.

Nikamwita Gona, kaka yangu. Gona ni mchimba visima. Amechimba Rabai, Jomvu na Miritini, haogopi kinachotoka ardhini kwa sababu amekwisha kukiona chote. Alikuja Jumamosi na jembe na sururu. Nikampeleka mwisho wa uwanja, nikamwonyesha mahali kwa kidole cha mguu.

"Una hakika, dada?"

"Nilimwona kwa macho yangu. Chimba."

Jembe la nne likalia ko! Gona akaliachia, akaruka nyuma, yeye asiyeogopa. Nami nikapiga ukelele, "Ndicho hicho! Ndicho! Tokeni muone!" Mwanatabu akatoka mbio na kanga moja. Na Lenox akatoka kwake, akaja mpaka kwenye seng'enge, akasimama pale mikono mfukoni. Nilimtazama usoni nikitafuta woga. Sikuuona, nikasema moyoni ni mkavu huyu, amezoea.

Gona alipiga magoti, akaondoa udongo kwa viganja. Lilikuwa bonge la saruji la ukubwa wa sufuria, katikati kimechomoza kipande cha nondo chenye kutu. Pembeni mwa nondo palikuwa na namba. Gona akazipangusa kwa mate. Alipoinua kichwa alinitazama kwa namna ambayo kaka hapaswi kumtazama dada mkubwa.

"Dada, hii ni bikoni."

"Bikoni ya nani?"

"Yako. Ploti yako inakomea hapa."

Nikatazama nilipo. Nikaitazama seng'enge. Kati ya ile bikoni na seng'enge palikuwa na hatua nne nzima. Hapo zilikuwa kamba zangu za nguo na tuta langu la mchicha, na banda la kuku limeingia nusu.

"Ameihamisha!" nikasema. "Ameing'oa kwake akaileta hapa!"

Gona hakubishana. Alikwenda kwa Mwanatabu, ambaye bikoni yake haijawahi kufunikwa kwa sababu wanawe huikalia wakila miwa, akafunga kamba kwenye nondo yake. Kisha akavuka ploti yangu na kuifunga kwenye bikoni ya jirani wa kushoto. Akaivuta ikakaza. Kamba ikapita juu ya ile nondo yenye kutu sawasawa, hata unywele haukupungua. Mwanatabu akaweka kiganja mdomoni. Nilitafuta hila katika ile kamba. Nikaitazama kutoka kushoto, nikaitazama kutoka kulia, nikamwambia Gona aikaze tena. Ikapita palepale.

"Basi seng'enge yake," nikasema, "imekaa wapi?"

"Kwake," akasema Gona. "Kwake ndani. Wewe ndiye uliye kwake, dada. Kuku wako wamelala kwake miaka saba."

Nilimgeukia Lenox kwa hasira, maana nilikuwa sina kingine cha kumgeukia nacho.

"Kwa nini?"

"Uwanja wako ilikuwa fupi," akasema. "Hatua kumi na saba kutoka ukuta mpaka bikoni. Mwarobaini inataka ishirini. Ploti yangu ni ndefu, nyumba yangu iko mbali kule juu. Nikamwambia mzee Ruwa, nitarudisha seng'enge nyuma kidogo, tupande mti hapo katikati, ikae mbali na wewe na mbali na mimi. Akasema sawa. Mti ni ya mzee, kivuli ni ya wote."

"Mbona hukuniambia mimi?"

"Nilikuja mara tatu, Mama Eddah." Akakuna kichwa kama siku ile ya kwanza. "Mara ya tatu ulinimwagia maji ya vyombo."

Mwanatabu akacheka. Kisha akaona uso wangu, akaacha.

Gona alikuwa amekwisha kuondoka, amekwenda pembeni mwa nyumba na sururu. Alichimba kando ya msingi, baina ya ukuta na mwarobaini wangu. Hakuchimba sana. Akaniita. Mzizi wa unene wa mkono wake ulikuwa umepita chini ya msingi kuingia ndani ya nyumba, na mingine midogo imeufuata. Udongo pale chini ulikuwa mkavu umevunjikavunjika, umeshuka na kuuacha msingi. "Tia mkono," akasema. Nikatia. Mkono wangu uliingia baina ya udongo na msingi wa chumba cha Ruwa mpaka kwenye kifundo, na mle ndani mlikuwa na joto, hamna hata chembe ya maji. Nilikaa chini palepale nikalia. Nililia kwa aibu, si kwa kitu kingine. Kikulacho kilikuwa nguoni mwangu kweli, na nguo nilijivika mwenyewe Jumapili moja watu wakiwa kanisani.

Gona akashika shoka. Lenox, ambaye alikuwa bado upande wake, akasema, "Ngoja, usikate yote leo. Masika iko karibu. Ukiua mti mara moja na mvua ikuje, udongo itafura haraka na nyumba itasukumwa tena. Punguza matawi nusu sasa. Ingine baada ya mvua. Nyumba irudi chini yake polepole." Kisha akanitazama. "Na hicho chumba, mtoto asilale mwaka huu. Tuweke nguzo, tungoje tuone."

"Ulijuaje haya yote?" nikamwuliza. Bado nilikuwa natafuta, Mungu anisamehe. Nilitaka kuona kajifunza wapi.

"Nyumba ya Magongo ilipasuka hivi hivi. Tukaambiwa tutoke." Akaigusa seng'enge kwa kidole. "Mti ya huko nilipanda mimi mwenyewe. Dirishani."

Basi. Gona alikata matawi nusu. Lenox alivuka na nguzo mbili za mkaratusi, wakaegemeza ukuta. Nilimpikia wali wa nazi na samaki wa kukaanga, akala mezani kwangu kwa mara ya kwanza katika miaka saba, na nilipompakulia mara ya pili Gona akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," nikamwambia anyamaze ale.

Eddah alijifungua msichana mwezi wa tatu. Arobaini aliikaa chumbani mwangu, mimi nikalala sebuleni kwenye kochi. Aliniuliza kwa nini chumba cha baba kimefungwa, nikamwambia ukweli wote, hata maji ya vyombo. Hakucheka. Aliinuka na mtoto begani akaenda kuugusa ule mlango usiofunga, akasimama pale muda mrefu. Lile ndilo lililoniuma kuliko yote.

Mvua za masika zilipotulia, Gona akaumalizia mwarobaini. Ufa haujazidi, ila haujarudi pia. Fundi mwingine amesema labda chumba kitapona, labda kitabomolewa, tungoje kiangazi kingine. Pale dirishani nimepanda mkomamanga.

Jumamosi iliyopita Lenox alikuja akizunguka kwa mbele, kupitia mlangoni, na mche wa mwarobaini ndani ya kopo la mafuta ya kupikia. Hakuupanda. Alinikabidhi mimi. "Panda mwenyewe," akasema, "kwa mkono wako, ndiyo iwe yako."

Nikaupa ukuta wa chumba cha Ruwa mgongo, kopo kifuani, nikaanza kuhesabu kwa sauti. Eddah alikuwa kizingitini na mtoto, Mwanatabu ametoka kutazama, Lenox ananifuata nyuma akiwa na jembe. Kumi. Kumi na tano. Kumi na sita. Kumi na saba, na kidole changu cha mguu kikagusa saruji ya bikoni. Nikasimama. Mbele yangu ilikuwa ardhi ya mtu, ambayo nimeitemea mate miaka saba, na mguu ulikataa kwenda.

Nyuma yangu jembe likatulia.

"Bado tatu, Mama Eddah," akasema Lenox.